Siku Niliyopasuliwa Chupa

Wiki ya tatu baada ya kumzika mavyaa wangu, Bi Mejumaa, binti yangu Mwanamisi alikuja kwangu Tiwi akiwa na tumbo lililopitiliza siku zake kwa wiki mbili. Alijibwaga kwenye kochi la ukumbini akaniambia kwamba hospitali wamempangia Jumatatu aende akapasuliwe chupa. "Kunakuwaje, Mama?" aliniuliza. "Niambie wewe. Ya kwenye simu nimesoma mpaka nimeingiwa na homa." Juu ya kichwa chake, ndani ya fremu ya mvule, ilitundikwa diploma yangu ya usimamizi wa hoteli, nami nilimjibu kwa sauti ninayowafundishia wafanyakazi wapya. Chupa ni ule mfuko wa maji anamoelea mtoto. Mkunga huutoboa ili maji yatoke, kichwa kishuke na kukandamiza njia, uchungu upate kuanza. Kutoboa kwenyewe hakuumi zaidi ya kule kupimwa njia kwa vidole. Kinachouma huja baadaye. Nilimweleza kwa mpangilio, maana mimi ni mtu wa mpangilio. Nilitoka chumba kimoja Bodo, nikafika Doha kuongoza wafanyakazi sitini wa vyumba katika hoteli ya ghorofa thelathini, kisha nikarudi kwetu nikajenga nyumba nne za wageni, na hakuna aliyenishika mkono. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema kila mahali, hata kwenye harusi za watu. Lakini Mwanamisi hakutosheka. "Na wewe ulipopasuliwa ya kwangu," aliuliza, "uliogopa nini?" Nikatazama viganja vyangu, kwa sababu jibu la swali hilo nililikamilisha juzi tu, pembeni mwa kitanda cha bibi yake.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na chumba changu Bodo kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani. Ukilifungua uliona mawe ya matumbawe na mjusi. Hamisi, mume wangu, alikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya Diani, akija nyumbani Jumatano jioni na kuondoka Alhamisi, kwa hiyo niliyeishi naye hasa ni mama yake. Kuta za ndani za nyumba ile hazikufika juu. Ziliishia kidogo kupita kichwa cha mtu mrefu, na hapakuwa na neno lililobaki chumba kimoja. Nilijilaza mchana nikiwasikia shoga zake wakinisengenya ukumbini huku wakichambua kaa. "Huyu mke wa Hamisi kizungu kimemjaa," alisema mmoja. "Akikohoa, hukohoa kizungu." Wakacheka. "Mwacheni," alijibu Bi Mejumaa, "kizungu hakimzuii kukuna nazi." Sikujua kama ananitetea au ananipangia kazi. Tulipokula, wali wa nazi na mchuzi wa kaa au muhogo na samaki wa kukaanga, hakunitazama usoni, alitazama mkono wangu ukienda na kurudi, na ukipunguza mwendo alisema, "Ongeza." Hata shibe yangu haikuwa yangu.

Sasa niseme jambo ambalo sioni sababu ya kulificha: kidato cha nne nilifaulu kuliko msichana yeyote wa darasa langu, na kuliko wavulana wengi. Kwa hiyo, mimba ikiwa changa, niliandika barua kwa siri kuomba nafasi katika chuo cha hoteli Mombasa, nikatumia sanduku la posta la mwalimu wangu wa zamani wa Msambweni. Jibu lilikuja tumbo likiwa la miezi sita. Nimekubaliwa, niripoti Jumatatu ya kwanza ya Septemba, nisipofika, nafasi atapewa mwingine. Hamisi sikumwambia. Siku moja tukila alikuwa amesema, bila kuulizwa na mtu, "Mke wangu mimi hatatandika vitanda vya wageni," na mama yake alikuwa ameitikia kwa kuguna. Basi nilifumua upande mmoja wa mto wangu wa sufi, nikaitia barua katikati ya sufi, nikashona tena. Nikawa nalalia Septemba yangu kila siku na kuisikia ikichakarika chini ya sikio.

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Mtoto alitarajiwa wiki ya pili ya Julai. Ningemaliza arobaini yangu ndani kama mzazi yeyote mwenye adabu, nikitoka ningewaambia, wapende wasipende, nami niondoke nikiwa na mtoto mgongoni. Lakini wiki ya pili ya Julai ikapita, na ya tatu ikapita, na mtoto ametulia tuli. Kila asubuhi niliyoamka bila uchungu ilikuwa imekula siku moja ya chuo changu. Nilipanda na kushuka ngazi za msikiti wa zamani, nikafagia uwanja mara mbili kwa siku, nikala nanasi mpaka ulimi ukachanika. Bi Mejumaa aliniangalia tu. "Una haraka gani?" aliniuliza siku moja. "Mtoto si gari la saa kumi."

Kliniki wakaniambia niende hospitali kubwa nikaanzishwe uchungu. Asubuhi ya kuondoka, Bi Mejumaa alifanya kama wafanyavyo wanawake wa kwetu mwenzao anapokwenda kujifungua: alifungua kila kilichofungwa. Alifungua makufuli, akafunua masufuria na mitungi, akaacha wazi sanduku lake la nguo, akafungua hata vifundo vya kamba za mbuzi, na mbuzi wakaenda kula mchicha wa jirani ambaye kelele zake tulizisikia mpaka barabarani. Nywele zangu alizifumua mwenyewe, akinivuta kichwa bila huruma. Nilipotoka kuoga nilimkuta chumbani kwetu, amekwisha kufungua begi langu, na mto wangu ameupakata mapajani. "Huu utakufaa," alisema, akanikabidhi. Niliupapasa kando nikakuta mshono uko, karatasi iko. Nikashukuru Mungu kwamba amesahau mishono.

Mkunga wa zamu aliitwa Sista Umazi, mwanamke mfupi wa Kiduruma kutoka pande za Kinango, sauti yake kavu na mikono yake ya joto. "Nitakueleza kabla sijakugusa," alisema, "ili nikikugusa usiseme hukuambiwa." Alinipima. Njia ilikuwa imefunguka sentimita tatu, na kichwa kimeshuka, hakielei. Kingekuwa kinaelea, alisema, asingethubutu kupasua, kwa sababu maji yakitoka kwa kishindo kamba ya kitovu yaweza kutangulia kichwa, na hapo mtoto hukosa hewa. Kisha akaniambia neno ambalo sijalisahau. "Nikishapasua, Riziki, hakuna kurudisha. Mlango uko wazi, na vijidudu navyo vina miguu. Kuanzia hapo mtoto ni lazima atoke, kwa njia yake au kwa kisu. Umekubali?" Nilikubali. Nikijifungua siku ile, arobaini yangu ingeisha siku mbili kabla ya Jumatatu yangu. Nikipasuliwa tumbo, basi. Mwenye mshono mbichi hapandi kivuko cha Likoni na begi na mtoto mchanga, na Hamisi asingehitaji hata kunikataza.

Alichukua kijiti kirefu cha plastiki, ncha yake imepinda kama ile sindano ya kufumia vitambaa vya makochi. Nilikitazama nikahisi miguu inajifunga yenyewe. "Legeza magoti. Vuta pumzi, itoe polepole, kama unayepoza chai." Kilichoniuma kilikuwa vidole vyake, si kijiti. Kijiti nilisikia kama kitu kinachokwaruza mahali pasipo na ngozi, kisha kukawa na kulegea kwa ghafla, na maji ya vuguvugu yakanimwagikia mapajani, mengi, yakalowesha kanga mbili mpaka kwenye godoro. Niliona haya kama mtoto aliyejikojolea. Sista Umazi hakuniangalia mimi, aliangalia maji. "Meupe," alisema. "Yangekuwa ya kijani ungeniona nikikimbia, maana kijani ni choo cha mtoto." Papo hapo akaweka kile kitarumbeta chao cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni mwangu, akainamisha sikio, macho kwenye saa yake. "Yuko salama. Sasa tembea."

Nikatembea. Hilo ndilo ambalo watu hawakwambii: kwamba maji hayatoki mara moja yakaisha. Kila hatua yalichuruzika, kila nikikaa na kuinuka yalimwagika tena, na kila baada ya muda Sista Umazi alinitia kipimajoto kwapani kuona kama homa imeingia. Hakunipima njia tena na tena; alisema mkono nao huingiza uchafu. Bi Mejumaa alinitazama nikizunguka vitanda, kisha akajitanda kanga yake na kusema anakwenda Diani kumwona Hamisi. Nilidhani anakwenda kumlalamikia. Saa tano ikafika, tumbo linakaza kidogo na kuachia, kama mtu anayefanya mzaha. Wakanitundikia dripu yenye dawa ya kuleta uchungu, na kutoka hapo sikuweza hata kutembea. Mkono mmoja ulifungwa kwenye mrija, dirisha lilikuwa na nondo, saa ya ukutani ilinikabili, na nyuma yangu mlango aliousema Sista Umazi ulikuwa wazi na haufungiki. Nimewahi kukwama kwenye lifti Doha kwa saa nzima na wageni sita wanaolia, nikawatuliza wote. Sikuogopa. Nilikuwa nimekwisha kuonja kukwama kwenyewe.

Uchungu wa dawa hauna adabu. Ule wa kawaida, nimeambiwa, hupanda ngazi moja moja. Huu ulinipandisha mwisho wa ngazi kwa mara moja, ukiniachia pumzi mbili tatu tu kabla ya kurudi. Nilitafuna ncha ya kanga. Baada ya adhuhuri Sista Umazi alinipima, akavua glavu taratibu mno. "Sentimita nne," alisema. "Tangu asubuhi, moja tu. Daktari atakuja alasiri. Kama iko hivi hivi, tutakwenda chumba cha upasuaji." Alipoondoka niligeuza shingo, na ndani ya mto karatasi ikachakarika.

Hapo ndipo Bi Mejumaa aliporudi, uso umeiva kwa jua, mkononi ana kikombe cha bati kilichofunikwa kwa ncha ya kanga. Wa kwetu mtanielewa. Uchungu ukikaa sana bila mtoto kutoka, husemwa kwamba mwanamke ana neno amelificha, na neno hilo ndilo lililomfunga. Mume husukutua kinywa, hutema maji kikombeni na kuyatia radhi yake; mke hulisema neno lake, kisha hunywa. Mimi niliyekohoa kizungu sikuamini hayo. Lakini ni rahisi kutoamini ukiwa umevaa nguo zako na unaweza kuondoka.

"Riziki mwanangu," alisema, akiinama, "mtoto hakatai bure. Hamisi amekwisha kukuwia radhi, iko humu. Sema."

"Sina neno, Mama."

"Sema."

Kitanda cha pili alilala mke wa askari mmoja, mtu wa bara, mtoto wake ubavuni. "Dada," alisema bila kufungua macho, "si umwambie tu chenye umeficha, sisi tulale."

Sista Umazi alipita na sinia ya dawa, akatazama kikombe. Nilidhani atakifukuza. "Mafunda mawili tu, Mama," alisema. "Huenda akaenda kupasuliwa."

Uchungu mwingine ukaja, ukanikunja, ukapita. Nilipofumbua macho Bi Mejumaa alikuwa bado ameinama, kikombe usawa wa kidevu changu, na ananitazama usoni, yeye ambaye siku zote hutazama mkono. Nikafikiri: nikisema, mtoto akatoka, Hamisi atajua kabla ya magharibi na sitaondoka Bodo kamwe. Nisiposema, kuna kisu, na sitaondoka pia. Mdomo wangu ukatafuta njia ya tatu.

"Bakuli," nikasema. "Lile bakuli lako la kaure, lenye maua ya buluu. Nililivunja mimi. Siye paka."

Lile lilikuwa bakuli la harusi yake, na paka alikuwa amefukuzwa kwa kosa la kulivunja. Bi Mejumaa alinitazama kwa muda mrefu, mpaka nikaona kope zake zinacheza.

"Ni bakuli tu?" aliuliza mke wa askari, amevunjika moyo.

"Ni bakuli," alisema Bi Mejumaa. "Radhi unayo. Kunywa."

Nikanywa mafunda mawili. Maji yalikuwa na ladha ya chuma. Sitadai kwamba nilihisi kitu. Niliomba kugeuzwa ubavu, kwa sababu mgongo ulikuwa unakatika, na Sista Umazi akaongeza kasi ya dripu kidogo. Na kabla daktari hajafika wadini nilikuwa napiga kelele kwamba nataka kwenda chooni. "Hicho si choo," alisema Sista Umazi, akikimbia kwa mara ya kwanza siku ile. Mwanamisi alizaliwa wakati wanaadhini alasiri, kilo tatu na robo, macho wazi, hasira tele. Wadi nzima ikaanza kubishana. Bi Mejumaa alisema ni kikombe, Sista Umazi alisema ni dripu na kulala ubavu, mke wa askari alisema ni bakuli. Mimi nilisema ni mimi. Nimeendelea kusema hivyo tangu siku hiyo.

Arobaini nilikaa katika kile chumba cha mjusi, nikikandwa kwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga, nikihesabu. Siku ya arobaini na moja Hamisi alikuwa nyumbani kwa ruhusa ya kazini. Nilifumua mto mbele yao, nikaitoa barua, nikaisoma kwa Kiswahili. Hamisi alisukuma sahani yake. "Haendi mtu," alisema. Nilimtazama Bi Mejumaa nikitarajia ule mguno. Alikuwa anapangusa mdomo wa mtoto. "Mtoto haachani na ziwa," alisema. "Akienda Riziki, anakwenda mtoto. Na mtoto akienda, mimi nakwenda kumshika. Utakula hotelini, Hamisi, si ndiko uliko?" Jumatatu tulivuka Likoni watu watatu. Miaka miwili alikaa nami katika chumba cha kupanga, akimbeba Mwanamisi mpaka lango la chuo saa ya kunyonya. Unajua niliwaza nini wakati wote ule? Niliwaza kwamba amekuja kunilinda nisimfedheheshe mwanawe. Nilimwona kama askari wa kunichunga. Hata Hamisi aliponipa talaka, bila matusi, nami nikaenda Ghuba na mtoto akabaki Bodo kwa bibi yake, nilisema nimejitoa kifungoni kwa nguvu zangu.

Mwezi uliopita aliniita. Nilimkuta katika chumba chake kile kile, amebaki mifupa na macho. "Shikamoo, Mama." "Marahaba. Kaa. Nataka radhi yako kabla sijaondoka." Nikamwambia hana alilonikosea. Akanikatiza. "Yale maji hayakuwa ya Hamisi. Askari wa lango kule hotelini alinizuia nisiingie. Nilikaa pale mpaka jua likanichoma utosi, nikarudi. Nikayachota kwenye bomba la uani, pale wanapofulia."

"Basi hayakuwa na radhi ya mtu," nilisema, nikijaribu kucheka.

"Yalikuwa na yangu."

Nikaona nami nitue mzigo. "Na lile bakuli, Mama, sikulivunja. Nilikosa la kusema."

"Najua. Nililivunja mimi, nikamsingizia paka."

"Mbona siku ile hukunisuta?"

"Mbele ya yule mke wa askari?" Alicheka mpaka akakohoa, nikamwinua, nikampa maji. Alipopata pumzi alisema polepole, "Nilifungua kila kitu asubuhi ile, Riziki. Ningeuacha mto? Nilikuta karatasi. Kizungu sikijui, lakini mtu hashoni karatasi ndani ya mto kama ni habari ya kumfurahisha mumewe. Nikairudisha, nikashona."

"Kisha ukaja na kikombe kuniuliza."

"Nilitaka uniambie mimi. Nikakuona ulivyoogopa." Alifumba macho, nikadhani amelala. "Ungeniambia, ingenibidi nimwambie mwanangu. Uliposema bakuli, nikaona afadhali. Bakuli lilitosha."

Nilimlisha uji, vijiko vitatu, na mara hii nilikuwa mimi ninayesema "Ongeza." Alifariki Ijumaa ile.

Basi swali la Mwanamisi nilimjibu nilivyoweza. Nilimwambia niliogopa kubaki. Nilimwambia pia kwamba ule mchana sikuwa peke yangu kama nilivyokuwa nikisimulia, na kwamba diploma ile ukutani imepita juu ya mgongo wa mtu. Alinisikiliza akijisugua tumbo, kisha akasema, "Bibi aliniambia ulikuwa na tumbo la maneno." Sikujua kama bibi yake alimwambia hilo tu au na habari ya mto.

Jumatatu asubuhi, mkunga kijana alipokwisha kumweleza yote, kuhusu kichwa na kitovu na rangi ya maji, aliniomba nisubiri nje. Nilikwenda uani nikatafuta bomba, nikajaza kikombe, nikakifunika kwa ncha ya mtandio wangu wa Doha. Walipomaliza niliruhusiwa kuingia. Mwanamisi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kanga imeloa, uso umemshuka, amejishika kama mtu aliyefungiwa mahali asipopajua.

"Meupe," aliniambia. "Wamesema ni meupe."

"Alhamdulillahi. Una neno, mwanangu?"

Alinitazama, akatazama kikombe, akatazama pembeni. "Sina, Mama."

Sikumwamini hata kidogo. Nilikaa karibu naye, nikamwekea kikombe mkononi.

"Kunywa," nikasema. "Radhi unayo."